Tovuti moja inayojirekebisha kulingana na upana wa skrini, au ya pili kwa ajili ya simu?

Google hupanga matokeo kwa kusoma toleo la simu, hata kwa anayetafuta kwa kompyuta. Hapo ndipo tovuti ya pili, ile yenye anwani ya “m.”, huwaponza wengi: maelezo na viungo hupunguzwa ili ukurasa uwe mwepesi, na kilichoondolewa hakihesabiki tena. Kila ukurasa pia hudai lebo ya canonical (inayotaja anwani ya ukurasa mkuu) upande wa simu na ya alternate (inayoelekeza kwenye ukurasa wa simu) upande wa kompyuta. Kazi ya bure!

Muundo unaojirekebisha una anwani moja na maudhui yale yale. Sisi tunaupendelea huu. Usisahau lebo ya viewport (inayoiambia simu upana wa kuchorea ukurasa) yenye width=device-width, la sivyo simu huchora ukurasa kwa upana wa kompyuta na maandishi hayasomeki. Picha kubwa ziandalie saizi kadhaa kwa srcset (orodha ambamo kivinjari huchagua saizi inayoifaa skrini), iliyo kuu ionekane ndani ya sekunde 2.5.