Pedali ya mazoezi ya shilingi 6,800 kwa mgonjwa wa stroki, miezi minne baadaye

Naona watu wengi wauliza kuhusu hivi vipedali vidogo vya kuweka sakafuni, ule mtambo ambao wewe wakaa kwenye kiti chako mwenyewe wazungusha miguu kama waendesha baiskeli, ati vyawasaidia wazee waliopigwa na stroki. Sisi tulinunua kimoja mjini, duka sitalitaja, walitaka 8,500 tukavutana mpaka 6,800. Nasema yangu mapema ili asiye na muda aende zake: si kibaya, lakini kama pesa ni hizo hizo na bado hujampata fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtafute fizio kwanza.

Mamangu ana miaka 71, twakaa Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya pili, na ngazi za Mji wa Kale mwazijua, nyembamba na zimesimama kama wapanda mnazi. Mshipa uliziba upande wa kulia wa ubongo kwa hivyo kilicholala ni mkono na mguu wa kushoto, maneno alhamdulillahi hayakupotea, naweza hata kusema yaliongezeka. Ila kuna kitu kingine hatukukijua kabisa, akili yake ilisahau kama kuna upande wa kushoto. Wali ala nusu ya kulia ya sahani halafu alalamika mbona mwanipa chakula kidogo, ukimzungushia sahani aona wali mwingine afurahi kama ameletewa zawadi. Tulikuwa twacheka tu, mpaka hiyo siku ya pedali.

Muuzaji alikuwa ametuambia dakika 30 kila siku na mwezi mmoja atatembea. Haya. Wiki ya kwanza nikamkalisha nikamfunga miguu nikakimbia jikoni kugeuza mahamri yasiungue, narudi nakuta mguu wa kushoto umechomoka uko chini na ile pedali yaugonga kifundo kila ikizunguka, ngozi imechubuka, na yeye hana habari, aendesha na wa kulia peke yake mbio mbio. Akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, hii baiskeli yenda wapi mbona sifiki?" Nilicheka mpaka nikalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha kicheko.

Kosa la kwanza basi ni mikanda. Ni ya plastiki, mifupi, imekatwa kwa kiatu chembamba, na mgonjwa wa stroki mara nyingi mguu wavimba na kidole chaangalia chini. Tulichana leso kuukuu, yaani kanga, tukamfunga nayo mguu huo wa kushoto wote mpaka kisiginoni, hapo ndo ukatulia. Kosa la pili, mtambo wateleza. Kwa sakafu yetu ya simiti laini ulikuwa wamkimbia kila akisukuma, na kiti nacho charudi nyuma, yaani mzee abaki kama amelala. Sasa kiti kiko ukutani, ni cha mbao chenye mikono, si cha plastiki tafadhali, na pedali imefungwa kamba kwenye miguu ya kiti na chini kuna kipande cha mpira. Kile kiskrini cha kuhesabu kilikufa wiki ya tatu na hakuna aliyekililia. Ah, na ukikaza ile skrubu ya kuongeza uzito, pale katikati chuma chapata moto, wajukuu wasiguse.

Lakini aliyenifungua macho ni fizio, binti mmoja anayetujia nyumbani Jumatatu na Alhamisi. Alipoikuta pedali hakusema neno, akautoa mguu mzima, ule wa kulia, kwenye mkanda akauweka chini, akamwambia, "Haya mama, sasa endesha na huu wa kushoto." Pedali haikusonga hata kidogo. Wiki mbili zote tulizokuwa twajisifu kwa simu kwa jamaa kwamba mama aendesha baiskeli, mguu mzima ndo uliokuwa wafanya kazi na mbovu waburutwa tu kama abiria asiyelipa. Akatupunguzia mpaka dakika tano, mkono wangu juu ya goti la kushoto nisikie kama lasukuma kweli, na mama auangalie mguu wake akiendesha, kwa sababu asipouangalia ausahau.

Kisha akatupa kazi isiyouzwa dukani, kuinuka na kukaa. Kiti kirefu, tukaongeza na mto, miguu irudi nyuma kidogo ya magoti, aegemee mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ainuke bila kujivuta, akae polepole si kujitupa. Mara tano, apumzike, mara tano tena. Akizoea mto watolewa na kiti chawa kifupi zaidi. Alisema kitu kikaniingia, kwamba ubongo hujifunza tena kile unachokirudia, ukirudia kuendesha pedali utakuwa hodari wa pedali, ukitaka kusimama rudia kusimama. Ngazi vivyo hivyo, kupanda mguu mzima utangulie, kushuka mguu mbovu utangulie, na bakora ishikwe mkono mzima, sisi tulikuwa twampa ule mbovu tukidhani twausaidia! Mkono wenyewe kazi yake ni kuchambua mchele, punje moja moja, na kukunja leso. Na tulifokewa vizuri sana siku alipotuona twamuinua kwa kumvuta mkono wa kushoto, kumbe ndo maana bega lilikuwa lamuuma usiku, misuli ya kulishikilia imelegea.

Binamu yangu yuko Uingereza akaniambia mwongozo wao wa 2023 wasema mgonjwa apate mazoezi na tiba za namna hiyo saa 3 kwa siku, angalau siku 5 za wiki. Nilicheka. Sisi saa 2 kwa wiki kwa 1,500 kila moja na hapo twajibana. Kwa hivyo siku zilizobaki ni mimi, dadangu, mchele na kiti, na ndo hapo naipa pedali haki yake. Asubuhi kabla jua halijawaka ni kitu cha kuamsha mwili, pumzi imeongezeka, goti halikazi kama zamani, na siku ya mvua ambapo ngazi zateleza angalau kuna la kufanya. Huwa nampima presha kwanza, ikiwa juu kuliko aliyotupa daktari hakuna baiskeli siku hiyo. Na asifunge pumzi akisukuma, sisi dawa yetu ni adhkari kwa sauti, ukimsikia azihesabu wajua pumzi iko wazi. Akisema amechoka mwacheni jamani, uchovu wa stroki si uvivu, mimi nilimfanyia ukali mara moja na bado najuta.

Nyota tatu kwa tano. Moja nimeitoa kwa mikanda na moja kwa mdomo wa muuzaji. Mguu wa kushoto sasa wazungusha dakika kumi peke yake, na baada ya alasiri mama ashuka na mimi nyuma yake mpaka barazani, ngazi 22, azihesabu zote. Mikanda mirefu tuliagiza pale pale tulipokinunua, kila nikipita naambiwa njoo kesho. Leso bado yafanya kazi.