Vigae vya maua ya bluu jikoni kwangu Moshi: uzoefu wangu

Kila anayeingia jikoni kwangu huuliza bei kwanza, kwa hiyo nianze nayo. Vigae vya ukutani vyeupe vyenye maua ya bluu, sentimita 20 kwa 20, nilivinunua karibu mara mbili ya bei ya vigae vyeupe vitupu vya duka hilohilo. Fundi naye alipofungua boksi na kuona mchoro ni wa kuunganisha, akapandisha bei yake ya skwea mita. Kwa hiyo si kitu cha bei poa. Ila nimeviweka ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya sinki na jiko, kuta zingine zikabaki na rangi ya maji nyeupe, na kwa eneo dogo kiasi hicho siionei uchungu hela yangu.

Nilinunua hapahapa mjini, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Boksi limeandikwa Morbi, ule mji wa Gujarat huko India wenye viwanda vingi vya vigae. Vyeupe vitupu nilivyochukua kwa ajili ya bafu ni vya nchini, maana tuna viwanda Mkuranga na Chalinze, na kwa kigae cha kawaida sioni sababu ya kwenda mbali. Kazi ni kupata haya maua ya bluu. Sehemu nyingi utaoneshwa 30 kwa 60 yenye mstari wa maua katikati, au yale ya pomboo wanaoruka majini. (Sijui nani aliamua kila bafu la Kitanzania liwe na pomboo. Sisi wa Kilimanjaro wengi wetu pomboo tumemjulia ukutani.)

Ukivipata, kuna aina mbili na tofauti yake ni kubwa kuliko bei inavyoonesha. Aina ya kwanza kila kigae kina ua lake zima, kimejitosheleza. Hiyo hata fundi wa kubahatisha ataipanga. Aina ya pili kila kigae kina robo ya mchoro, na unahitaji vigae vinne, kila kimoja kikiwa kimegeuzwa upande wake, ndipo upate mduara mmoja. Yangu ni hii ya pili. Ikipangwa vizuri ukuta unaonekana kama kanga iliyotandazwa, maua yanafuatana hayana mwanzo wala mwisho. Kigae kimoja kikigeuzwa vibaya, jicho litakwenda palepale kila ukipika chai, mpaka uhame.

Jambo lililotukwaza halikuwa la fundi, lilikuwa la duka. Ubavuni mwa kila boksi, mbali na saizi, kuna namba au herufi ya toni ya rangi ya mkupuo ule wa kiwandani. Kijana wa stoo alinipa maboksi matatu, mawili ya toni moja na la tatu la toni nyingine. Mchoro uleule, jina lilelile, lakini ukiweka kigae cha huku na cha kule pamoja, bluu moja imekolea kama wino na nyingine imepauka. Fundi aliliona hilo kwa sababu ana tabia ya kufungua maboksi yote na kuvitandaza vigae sakafuni kabla ya kukoroga chochote. Duka walibadilisha, ila kwa maneno mengi na baada ya kuniambia kwamba "vikishakaa ukutani havionekani, mama." Vingeonekana. Tena pale ambapo bluu imewekwa juu ya nyeupe ndipo tofauti inapojitangaza, kuliko kwenye kigae cha rangi ya udongo. Soma hizo namba ukiwa bado dukani, kabla hata ya kuita bajaji.

Sasa kupanga. Ukuta wangu una urefu wa mita 3.1. Mduara mmoja, ukijumlisha na nafasi za grauti (ule ujazo wa mianya kati ya kigae na kigae), unakula sentimita 40 na kidogo. Ukianzia kona ya kushoto ukaenda kulia kama mafundi wengi wanavyopenda, upande mmoja utakuwa na mduara mzima na mwingine utaishia na ua lililonyongwa. Fundi wangu alipima katikati ya ukuta, akapiga mstari wa wima kwa uzi wenye chaki, akauweka mduara wa kwanza hapo katikati, kisha akaenda nao kushoto na kulia. Tukapata miduara saba kamili, na kila upande kikabaki kipande cha sentimita kama 13. Vipande viwili vinavyolingana havisumbui macho.

Kwa kwenda juu mambo yalikuwa magumu zaidi. Nafasi iliyozoeleka kati ya kaunta na makabati ya juu ni kama sentimita 60, yaani safu tatu za vigae hivi, na safu tatu maana yake ni mduara mmoja na nusu. Nusu mduara chini ya kabati ni mbaya, niamini. Mimi sina makabati ya juu, nina shelfu moja ya mbao ya mninga, kwa hiyo tukaipandisha, tukaweka safu nne. Mwenye makabati tayari atafute aina ile ya ua zima, au ahesabu kabla seremala hajatoboa ukuta.

Kwa hesabu: vigae 25 vya saizi hii vinajaza skwea mita moja. Ukuta wangu ulihitaji 64 ukihesabu na vya kukatwa, na nikanunua 75. Kwa vigae vitupu watu huongeza asilimia 10 ya kupotea. Vya mchoro ongeza zaidi, kwa sababu kipande kilichobaki hapa hakitumiki kule, maua hayatakutana.

Ukikata, ndipo utajua umenunua nini. Vyangu ndani ni udongo mwekundu. Fundi alipotumia grainda kutoboa nafasi ya soketi, kauri ya juu ilimeguka kidogo ukingoni na wekundu ukachungulia kando ya bluu. Alipohamia kwenye mashine ya kukatia kwa gurudumu dogo, mikato ya mistari ikatoka safi. Ile ya soketi imefichwa na kifuniko chake, nashukuru. Vipo vyenye udongo mweupe ndani, na kama una soketi nyingi na pembe nyingi, hivyo ndivyo ningekushauri.

Kigae cha ukutani cha aina hii kinakunywa maji. Vingi vinafyonza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, wakati zile poselini ngumu za sakafuni hazizidi nusu asilimia. Dondoshea maji mgongoni mwa kigae uone yanavyopotea. Ndiyo maana mafundi wanaotumia saruji na mchanga wanavilowesha kwanza kwenye ndoo, vinginevyo kigae kinanyonya maji ya saruji kabla haijakamata, na baada ya muda ukigonga kinalia kitupu, hatimaye kinabanduka na maua yake. Sisi tulitumia gundi ya vigae ya unga, ambayo haihitaji kulowesha. Alipomaliza nilipita nikigonga kwa sarafu. Kimoja karibu na bomba kililia vibaya, akakitoa na kukirudisha bila kununa.

Na kwa sababu hiyohiyo ya udongo laini, usidanganywe ukaviweka sakafuni. Muuzaji aliniambia vinafaa "hata korido." Kauri yake inateleza ikilowa, na mchanga wa viatu utaichubua mpaka maua yafutike. Kwa sakafu kuna poselini zenye mchoro kama huu zisizong'aa. Ni ghali zaidi, lakini ndizo za kazi hiyo.

Grauti tulibishana. Fundi alitaka saruji nyeupe, kwamba ndiyo inayotoa bluu vizuri. Siku ya kwanza ni kweli. Lakini hili ni jiko linalopika mtori, machalari na pilau, na binzari ikishaingia kwenye saruji nyeupe nyuma ya jiko haitoki. Nikachagua grauti ya kijivu cha mwanga, upana wa milimita 2. Ukiwa mbali huioni, na masizi na mafuta hayajaiandika. Nafuta kwa sabuni ya vyombo na sponji. Waya wa kusugulia sufuria haukaribii ukuta ule, na dawa kali ya chooni inakula grauti, kwa hiyo dada wa kazi nilimwonesha mapema.

Mama mkwe aliposhuka kutoka Kibosho akasimama mlangoni, akaangalia, akasema, "Mama Neema, sasa sahani zimejaa kabatini mpaka ukutani?" Nilicheka, nikamwambia, "Ndiyo, mama, hata wa zamani walifanya hivyo." Na si uongo. Watu wa pwani walipanga vyombo vya Kichina kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba zao, na makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi yalipambwa kwa bakuli za kauri zilizopachikwa kwenye chokaa. Bluu hii ni ya kobalti, madini yanayovumilia joto la tanuri linalopita nyuzi 1,000 ambapo rangi nyingi huungua. Wachina wa karne ya 14 walikuwa wakiletewa kobalti kutoka Uajemi, Waholanzi wa Delft wakawaiga katika karne ya 17, na Wareno wakajaza kuta nzima. Tafuta picha za stesheni ya São Bento pale Porto, ina vigae takribani 20,000 vya bluu na nyeupe vilivyochorwa na Jorge Colaço. Vyangu havikuchorwa na mkono wa mtu, vimepigwa na mashine, ukisogeza pua unaona vinukta. Kwa umbali wa kuosha vyombo, sijali.

Faida ya kuchomwa tanurini ni kwamba jua halivifubazi. Dirisha langu linapokea jua la asubuhi moja kwa moja, na bluu ni ileile. Mpangaji wa nyumba ya jirani hapa mtaani kwetu Soweto alibandika stika za plastiki zenye maua kama haya kwa sababu nyumba si yake, na namwelewa. Upande wa sinki bado zinapendeza. Nyuma ya jiko la gesi zimejikunja pembe na kuwa za njano.

Kuhusu hali ya hewa, bluu na nyeupe kwa joto la Moshi la Januari hadi Machi ni raha, jiko linaonekana la baridi hata kama si la baridi. Shoga yangu wa Njiro, Arusha, amelivika bafu zima mchoro huu, sakafu hadi dari. Mwezi wa saba, na ule ukungu wao, ukiingia kuoga unahisi umefungiwa ndani ya friji. Tena macho hayana pa kupumzika. Yeye anapenda, mimi natoka mbio. Bafuni kwangu nimeweka mkanda mmoja tu wa safu moja usawa wa kifua, kwa vigae vya ua zima vya aina ya kwanza, chini na juu nyeupe. Taa pia iangalie: balbu ya mwanga wa njano inaifanya bluu ikaribie nyeusi usiku, nimehamia kwenye mwanga mweupe.

Vigae vilivyobaki nimevifunga kwa gazeti chini ya kitanda. Nilirudi dukani kumtafutia dada yangu mchoro uleule, wakaniambia mzigo ule umekwisha na uliofuata una maua mengine. Ameniomba vya chini ya kitanda. Nimemkatalia.