Mafunzo ya akili mnemba katika maktaba ya chuo kikuu, Kampala: maoni ya mshiriki

Kwa Jumamosi nne mfululizo nilihudhuria mafunzo ya matumizi ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde au akili bandia, yanayoendeshwa na wakutubi wa chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Kila kipindi huchukua saa tatu, usajili hufanyika kwenye dawati la marejeo, na mwanafunzi mwenye kitambulisho halipi chochote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari na ninaandika tasnifu ya uzamili. Nilijiandikisha baada ya msimamizi wangu kunirudishia sura ya pili akiwa amezungushia kalamu nyekundu marejeo mawili aliyoyatafuta asiyapate. Nilikuwa nimeyapokea kutoka kwa programu ya akili mnemba nikayaandika bila kuyafungua, na nilitaka kujua kosa langu lilianzia wapi.

Kipindi cha pili ndicho kilichonijibu, na kwa maoni yangu ndicho uti wa mgongo wa mafunzo yote. Mkutubi aliyetufundisha, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Madam, aliiuliza programu moja swali linalonigusa kila siku darasani: Kiswahili kilifanywa lini kuwa lugha rasmi ya Uganda? Jibu lilitokea ukutani baada ya sekunde chache, limepangwa vizuri, lina mwaka na sababu, nasi wengi tuliliamini. Kisha akazima projekta, akatugawia nakala za Katiba kutoka kwenye rafu za sheria, akatutaka tufungue Ibara ya 6. Ndipo tulipoona kwamba jibu lile lilikuwa limechanganya mambo matatu: tangazo la utawala wa Idi Amin la mwaka 1973 lililokifanya Kiswahili lugha ya taifa, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria, na uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Programu ilikuwa imeuchukua mwaka 2022 na kuuambatanisha na Katiba. Hakuna sentensi hata moja iliyosikika vibaya masikioni, na hapo ndipo hatari ilipo. Kijana wa sheria aliyeketi mbele yangu alikiri kwamba muhula uliopita aliinukuu ibara hiyohiyo katika kazi yake bila kuifunua.

Ninalieleza zoezi hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha kwa nini kazi hii inawafaa wakutubi kuliko idara nyingine yoyote ya chuo. Fundi wa kompyuta anaweza kutueleza jinsi mashine inavyotoa jibu; mkutubi anajua la kuuliza baada ya jibu kutoka, yaani nani kaandika, lini, kwa ushahidi gani, na nakala inapatikana wapi. Tulipewa orodha ya marejeo kumi kuhusu ufundishaji wa lugha, yote yametolewa na programu, tukayafuatilia moja baada ya jingine: kwanza katalogi ya maktaba, kisha tovuti ya jarida, mwisho nambari ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni. Meza yetu ilithibitisha manne tu. Matatu yalikuwa na mwandishi wa kweli na jarida la kweli, lakini makala yenyewe haikuwahi kuandikwa. Nambari moja ya DOI ilitupeleka kwenye makala ya magonjwa ya mifugo. Madam alitukumbusha kwamba hata wanataaluma waliobobea wamejikwaa hapa: mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Nilipoinuka mezani nilijua marejeo yangu mawili yalitoka katika kundi gani.

Kipindi cha kwanza, kilichohusu namna programu hizi zinavyotabiri neno linalofuata, kilikuwa sahihi lakini kizito. Jirani yangu, muuguzi anayesomea shahada, alipotea njiani, nikamweleza kwa methali: ukisema “haraka haraka haina”, kila mtu atamalizia “baraka”, kwa kuwa ameisikia mara nyingi, wala si kwa kuwa amechunguza faida na hasara za haraka. Alielewa papo hapo. Cha tatu kilihusu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, nacho kilipita mbio mno. Muuguzi yuleyule aliuliza kama anaweza kuipa programu sauti za mahojiano na wagonjwa ili iziandike; aliambiwa asifanye hivyo bila ridhaa yao na kibali cha kamati ya maadili, jibu zuri ambalo lilistahili saa nzima na mifano.

Kipindi cha nne ningependa wahadhiri wakihudhurie. Kilizungumzia programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyounda ChatGPT, iliiondoa programu yake ya aina hiyo Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba programu kama hizo zilizishuku isivyo haki zaidi ya nusu ya insha walizozipima za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Sisi wa Uganda tunaandika tasnifu kwa Kiingereza tulichojifunza shuleni, kwa hiyo jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Ushauri tuliopewa ni wa vitendo: hifadhi kila rasimu pamoja na tarehe yake, na utaje wazi ulitumia programu gani na kwa kazi ipi.

Kasoro zipo, nami nazitaja kwa kuwa nataka huduma hii idumu. Kompyuta kumi na nane kwa washiriki zaidi ya thelathini hazitoshi, ingawa mtandao wa eduroam haukukatika hata mara moja. Kasoro iliyoniuma zaidi ni lugha. Mazoezi yote yalifanywa kwa Kiingereza, hata lile lililohusu Kiswahili, ilhali udhaifu wa programu hizi huonekana upesi zaidi katika lugha zenye maandishi machache mtandaoni. Wakati wa mapumziko niliiomba programu ileile initajie nomino tano za ngeli ya U-ZI. Ilianza vizuri kwa ukuta na uzi, kisha ikaingiza ugonjwa, ambao wingi wake ni magonjwa na ngeli yake ni U-YA. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeliandika hilo kwenye daftari na kulibeba hadi mtihani. Aidha, hatukuambiwa lolote kuhusu kazi inayofanyika karibu nasi, kama vile ya shirika la Sunbird AI, ambalo hapahapa Kampala limeunda mifumo ya kutafsiri Kiluganda, Kiacholi, Kiateso, Kilugbara na Kinyankole.

Kwa anayeandika tasnifu sasa hivi, ningesema aende, na akiweza kuhudhuria siku moja tu, aichague ya pili. Nilimweleza Madam malalamiko yangu ya lugha baada ya kipindi cha mwisho. Alinisikiliza akiwa anakusanya nakala za Katiba, kisha akasema, “Mwalimu, niletee maswali kumi ya Kiswahili pamoja na majibu yake kabla ya awamu ijayo, na wewe uje uyafundishe.” Nimekwisha kuandaa manne, na la kwanza ni la U-ZI.