TAHADHARI: unga wa lishe wa bei chee, karanga zake zimetoka wapi?

Wenye watoto wa uji, kabla hujanunua ule unga wa lishe unaopimwa kwenye ndoo sokoni, au unaoletwa na bodaboda kwenye mfuko usio na maandishi, piga hesabu kwanza. Muuzaji anasema ndani mna karanga, soya, ufuta na ulezi, halafu bei inakaribiana na sembe. Karanga safi ni ghali kuliko mahindi, na yeye hatoi sadaka.

Zinazoingia humo huenda ni makapi ya uchambuzi: zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Muuza karanga za kukaanga hazigusi kwa sababu mteja anaziona. Zikisagwa, nani atazijua? Uchungu wake unapunguzwa kwa kukaanga hadi ziungue kidogo, na nyumbani wewe mwenyewe unamalizia kuuficha kwa sukari na maziwa.

Kwenye makapi hayo ndiko inakojaa sumukuvu (aflatoxin), yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Kuvu aina ya Aspergillus flavus huota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na unga wenye sumu yake unaweza kuonekana mweupe, usio na harufu yoyote. Kuchemsha hakusaidii: uji hauvuki nyuzi 100, sumu hii huhimili zaidi ya 200. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na punje chache zilizoathirika sana zinatosha kuuvusha mfuko mzima. Kenya ilizika watu 125 kwa sumu hii mwaka 2004. Dodoma na Manyara vifo vilitokea 2016. Kidogo kidogo kila siku hakileti kelele, ila huumiza ini, na mwenye homa ya ini B yumo hatarini zaidi.

Unga kuitwa "nafaka 12" si sifa. Kila kinachoongezwa ni kitu kingine usichokikagua.

Nunua punje, usinunue unga. Zimwage kwenye ungo mchana, toa zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye weusi au ukungu wa kijani. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayoondoa sehemu kubwa ya sumu. Ulizotoa fukia, usimpe kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Mahindi yapime unyevu: chupa kavu ya kioo, vijiko 3 vya chumvi iliyoanikwa juani, mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, acha 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha juani, juu ya turubai, si ardhini. Karanga zisage peke yake, kidogo, utie wakati wa kupika, kwa sababu mafuta yake huharibu unga upesi.

Ukilazimika kununua uliosagwa, tafuta nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), jina na mahali pa mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe. Picha ya mtoto mnene haithibitishi kitu.

Mtoto akitapika, tumbo likajaa, miguu ikavimba au macho yakawa ya njano, hospitali siku hiyohiyo. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii, kwa hiyo usipoteze muda kumnywesha maziwa. Unga uliobaki usiutupe: ufunge, mpelekee daktari auone, kisha mwarifu afisa afya wa kata au TBS, ukitaja ulikonunua.