Kikokotoo cha safari za ndege kilivyonisaidia kupanga sindano za Baba, JKIA hadi Mumbai

Daktari wa kisukari aliniuliza swali moja tu: "Mzee atakaa angani muda gani?" Sikuwa na jibu. Baba alikuwa anakwenda Mumbai kupasuliwa goti, na yeye hudunga insulini mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni. Tikiti ilisema anaondoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, saa nne usiku na kutua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kaka yangu akahesabu kwa vidole, akapata saa nane na nusu.

Usiku huo nikafungua kikokotoo kimoja cha bure mtandaoni. Nilipoandika "Nairobi" kilinichagulia Wilson, uwanja mwingine mdogo wa ndege wa Nairobi, na sikugundua mpaka nilipoona mstari kwenye ramani unaanzia upande wa Lang'ata. Tangu hapo naandika alama za herufi tatu: NBO kwa JKIA, BOM kwa Mumbai.

Kwanza nilikijaribu kwa Mombasa. Kilomita 423, na kwa barabara ni kama 480. Ni sawa, maana ndege haipitii Mtito Andei. Kikokotoo huchukua latitudo na longitudo za viwanja viwili na kupima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Mumbai kikanipa kilomita 4,533. Kwa umbali nakiamini kabisa.

Muda kilisema saa sita na dakika kumi. Mbona tikiti ilionyesha nane na nusu? India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na tikiti huandika saa za kila mji. Ukizitoa, zinabaki saa sita. Nililala vizuri siku hiyo.

Asubuhi nikampelekea daktari karatasi. Akaona jambo ambalo mimi sikuliona: saa moja asubuhi ya Mumbai ni saa kumi na nusu alfajiri hapa Nairobi, kwa hiyo sindano mbili za Baba zingefuatana kwa saa tisa na nusu badala ya kumi na mbili. Akapanga kipimo upya kwa mkono wake, akasisitiza dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye mizigo ya chini ambako inaweza kuganda.

Udhaifu wa kikokotoo ni huu. Ukigeuza safari, Mumbai hadi Nairobi, muda hubaki uleule, wakati tikiti ya kurudi ilikuwa na dakika arobaini zaidi. Kikokotoo hugawanya umbali kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, kisha huongeza kama nusu saa ya kupaa na kutua. Upepo hakiujui, wala foleni ya ndege kabla ya kuruka. Na safari yenyewe si ya angani tu: tulitoka Buruburu saa kumi na moja na nusu jioni, na Baba alipofika kitandani hotelini zilikuwa zimepita saa kumi na tatu. Hizo ndizo saa za kumpangia mgonjwa chakula.

Nakipa nyota nne. Wakiongeza tofauti ya saa kati ya miji miwili, palepale chini ya muda wa safari, nitawapa ya tano.