Nililipia mafuta ya upepo kwenye tiketi, nikapewa mafuta ya chipsi

Wadau leo narivyuu kitu ambacho wengi tunakipita tu tukikata tiketi, kile kiboksi cha mwisho kabla ya kulipa kinachokwambia ongeza hela kidogo upunguze uchafuzi wa safari yako. Mi huwa nakiruka kama kila mtu. Ila safari ya kuja Dar kutoka Frankfurt mwezi wa saba nikakuta wameweka picha ya yale mapangaboi makubwa ya umeme wa upepo, chini wameandika mafuta ya ndege ya kizazi kipya, nikasema ngoja tuchangie, euro 40, nikabonyeza.

Kilichoniponza ni kwamba nilishasoma kidogo habari za haya mafuta na nilizipenda. Niwe mkweli, teknolojia yenyewe ni tamu. Unachukua maji unayapitishia umeme wa upepo au jua mpaka yanaachana, unabaki na haidrojeni. Huku pembeni unakamata hewa ukaa, ama inayotoka kiwandani ama unainyonya moja kwa moja hewani, unaipunguza oksijeni, halafu unaikutanisha na ile haidrojeni kwenye mtungi wenye joto na presha, kinatoka kitu kama mafuta ghafi, unakisafisha unapata mafuta ya ndege, ambayo tukiacha maringo ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa. Ndege ikiyachoma inarudisha ile ile hewa ukaa iliyochukuliwa mwanzo. Injini haiguswi, unachanganya tu na ya kawaida, na kwa vibali vya sasa mwisho ni nusu kwa nusu. Wala sio uchawi mpya, Franz Fischer na Hans Tropsch waliivumbua hii njia Ujerumani miaka ya 1920, na kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini inaitumia miaka nenda rudi, ila wao wanaanzia kwenye makaa ya mawe. Kilichobadilika ni kutoa makaa ukaweka upepo.

Na yamesharuka. KLM mwaka 2021 walibeba abiria Amsterdam mpaka Madrid na lita 500 za mafuta ya hivi zikiwa zimechanganywa na ya kawaida, Shell ndo waliyatengeneza. Mwaka huo huo kule Ujerumani, pale Werlte, shirika la mazingira la atmosfair wakazindua kiwanda chao cha haya mafuta, hewa ukaa inatoka kwenye mtambo wa biogesi jirani. Nikajua basi na hela yangu inaenda huko.

Wiki moja baadae ikaja cheti, PDF nzuri yenye jina langu na yale yale mapangaboi. Nikaisoma mpaka yale maandishi ya sisimizi mwisho kabisa. Malighafi: mafuta ya kupikia yaliyotumika na mafuta ya wanyama. Yaani nimelipia upepo nimepewa mafuta ya chipsi jamani! Nikawaandikia huduma kwa wateja, swali langu lilikuwa moja tu, kwenye euro 40 yangu kuna hata tone moja la yale yanayotengenezwa kwa hewa ukaa na umeme? Jibu lilikuja baada ya siku tisa, wananishukuru kwa kujali mazingira na wananielekeza kwenye ukurasa ule ule wenye mapangaboi.

Sina ugomvi na mafuta ya chipsi, tuelewane. Virgin Atlantic Novemba 2023 walitoka London mpaka New York bila tone la mafuta ya kawaida, kwa kibali maalum, na sehemu kubwa ilikuwa mafuta taka, na Kenya Airways mwezi wa tano mwaka huo huo walichanganya mafuta ya hivyo Nairobi kwenda Amsterdam. Yanafanya kazi. Tatizo hayatoshi, dunia nzima haikaangi kiasi hicho, na kwa kina kaka wa chipsi wa kwetu wanavyorudia mafuta mpaka yawe kama oili chafu sidhani hata kama kuna kinachobaki cha kupeleka uwanja wa ndege. Mimi nililalamikia picha. Kama unauza mafuta taka weka picha ya karai.

Baadae nikakaa na kikokotoo, nikaelewa kwanini wanafichaficha. EASA, wale wasimamizi wa usalama wa anga Ulaya, kwa 2024 waliweka mafuta ya kawaida kwenye euro 734 kwa tani, na haya ya umeme wakakadiria 7,695. Zaidi ya mara kumi! Kwa hiyo euro 40 yangu ingefidia tofauti ya bei ya kama kilo sita hivi, na abiria mmoja mpaka Dar anakula kilo mia na kitu, maana yake ningefika kama Munich hivi, hapo hapo Ujerumani, halafu safari iliyobaki yote ni mafuta ya kisimani. Na kile kiwanda cha Werlte kilipangwa kutoa tani moja kwa siku, ndege kubwa ya kuja kwetu ingekisubiri zaidi ya mwezi ijaze safari moja. Kinachokula hela ni umeme, unahitajika mwingi na mwingine unapotea njiani ukigeuka joto.

Jambo lingine watu hawalijui, mafuta unayolipia hayaingii kwenye ndege yako. Yanaweza kumwagwa kwenye ndege nyingine uwanja mwingine kabisa, wewe unaandikiwa tu kwenye vitabu. Hilo mimi nalikubali, kuyasafirisha kwa lori kunifuata mimi ingekuwa ujinga, ila waseme.

Sheria ya Ulaya kuanzia 2025 inalazimisha asilimia 2 ya mafuta ya ndege viwanjani yawe endelevu, yaani yasiyotoka kisimani, na haya ya umeme yana fungu lake linaloanza 2030 kwa asilimia 1.2. Kwa hiyo tutayalipia tu, kiboksi au bila kiboksi, Lufthansa Group kwa mfano walishatangaza tozo ya mazingira ya euro 1 mpaka 72 kwa safari zinazoanzia Ulaya.

Teknolojia nyota tano. Kiboksi nyota mbili, na moja ni kwa sababu cheti kilikuja kwa wakati. Kama kuna mtu kakata tiketi kwenye shirika linaloandika mafuta ni ya aina gani KABLA hujalipa aniambie, nakata ya kurudi wiki ijayo.