Gobore: darubini au kilengeo cha chuma?

Swali hili halikauki kwa wawindaji wenye vibali huku Mwanza. Kwa bei, kilengeo cha chuma, ile alama ya kulengea juu ya mtutu, kinashinda: kimekuja na bunduki. Darubini inadai pia vishikizo vya kuifunga kwenye bunduki, na hapo wengi hubana pesa mahali pasipofaa. Teke la gobore ni zito. Skrubu ikilegea kidogo tu, shabaha imehama. Afadhali darubini ya kawaida juu ya vishikizo imara. Iwe pia sentimita 9 hivi kutoka jichoni, la sivyo itakupasua nyusi.

Alfajiri, mwanga ukiwa hafifu, darubini haina mpinzani, na mwenye macho yaliyopungua nguvu atapata nafuu kubwa.

Usafi ndio unaoniumiza moyo. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na hewa ya ziwani haina huruma kwa chuma. Kilengeo unakipangusa pamoja na mtutu. Chini ya vishikizo hufiki bila kuvifungua, na ukivifungua lazima urekebishe upya shabaha ya darubini.

Kama gobore lako ni la kienyeji, mtutu laini usio na mifereji ya ndani ya kuizungusha risasi, risasi yenyewe huyumba ikienda mbali; sikushauri darubini. La kisasa lenye mifereji, ukifyatua hadi mita 100, hesabu inabadilika.